Jino linauma chini, daktari anagonga la juu

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mkulima wa korosho, nipo Tandahimba. Wiki ya pili sasa gego la chini kulia linaniuma, usiku ndiyo balaa. Nilikwenda hospitali nikijua nang'oa narudi shamba. Daktari akanishikashika shingo, akanivuta ulimi, akagonga mpaka meno ya juu, akaweka pamba ya baridi hata kwenye meno mazima. Mwisho akasema anashuku gego la juu, nikapige eksirei Mtwara mjini. Hakung'oa kitu. Hivi hivyo vipimo vina maana, au nitafute mtu anitolee hili la chini yaishe?

JIBU: Marahaba. La chini liache kwanza. Kwa maelezo yako, daktari huyo alikuwa kazini hasa, na ninge­shangaa zaidi kama angekung'oa jino kwa kufuata kidole chako tu.

Kiini, yaani ile sehemu hai iliyomo ndani ya jino, kinajua kuuma lakini hakijui kusema kipo wapi. Mishipa ya fahamu ya magego ya juu na ya chini ni matawi ya mshipa mmoja mkubwa wa uso, na taarifa zake hukutana sehemu moja kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu huapa kwamba ni la chini, kumbe lililooza ni la juu. Kinachochanganywa kwa nadra ni upande: la kulia haliumi kushoto. Kwa hiyo kupima upande wako wote wa kulia, juu na chini, hakukuwa kupoteza muda.

Ugonjwa ukivuka ncha ya mzizi, mambo hubadilika. Pale kuna nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa, na hizo zinajua mahali vizuri sana. Kugonga kunaziuliza zenyewe. Tunatumia mpini wa kile kioo kidogo, taratibu, tukianza na meno mazima ili wewe mwenyewe ujue kugongwa kwa kawaida kukoje. Likifikiwa lenye shida, huhitaji kuulizwa. Macho yanafumba na mkono unapanda wenyewe.

Pamba ya baridi ndiyo kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na ni rahisi. Jino linakaushwa mate, pamba inaguswa ubavuni, kisha inaondolewa. Jino lenye afya linashtuka, na baada ya sekunde chache limetulia. Maumivu yakibaki nusu dakika au zaidi baada ya pamba kuondoka, tena mgonjwa anasema usiku halali, basi kiini kimeumia kiasi kwamba hakitarudi. Hapo kuziba kwa kawaida hakusaidii: ni kutibu mzizi, yaani kukitoa kiini na kuziba ndani, au kung'oa. Jino lisiposikia chochote, huenda kiini kimekufa. Nasema huenda, kwa sababu jino la mtu mzima sana, au lililozibwa sehemu kubwa, linaweza kuwa hai na lisisikie baridi. Ndiyo sababu ya kugusa na mazima: jibu la jino moja peke yake halina maana mpaka ulilinganishe na jirani zake.

Jambo moja hukulitaja: ulikuwa umemeza dawa? Diklofenaki uliyokunywa asubuhi inaweza kulifanya jino bovu likae kimya mbele ya vipimo hivi. Siku ya kwenda tena mwambie ulichomeza na saa ngapi. Na kama umeweka aspirini kwenye fizi, sema pia. Inaunguza, inaacha doa jeupe, na doa hilo linaweza kumpeleka daktari mahali pasipo na ugonjwa. Majeraha ya kuungua ya aina hiyo hayakosekani huku kwetu. Msimu wa korosho, mtoto akija na malengelenge mdomoni, cha kwanza nauliza kama amebangua korosho mbichi kwa meno.

Shingo na ulimi havikuhusu jino lako moja kwa moja, ila mgonjwa akishafungua kinywa lazima viangaliwe. Tezi iliyovimba chini ya taya, laini, inayouma na kusogea ukiigusa, kwa kawaida inafuata maambukizi. Ngumu, isiyouma wala kusogea inanitia wasiwasi zaidi. Ulimi unashikwa kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na kuvutwa kila upande kwa sababu saratani ya kinywa hupenda ubavu wa ulimi na sakafu ya kinywa, sehemu ambazo mwenyewe huzioni kwenye kioo cha nyumbani. Kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona hakisubiri, hasa kwa mvuta sigara au mtumia ugoro.

Eksirei nenda. Itaonyesha tundu lililojificha katikati ya meno mawili na hali ya mfupa kwenye ncha ya mzizi. Lakini mfupa hupoteza madini mengi kabla picha haijaonyesha kitu, kwa hiyo ikitoka safi usidhani umepona; mrudishie daktari aliyekupima, aisome pamoja na alichokiona.

Wakati unasubiri, jichunguze kitu kimoja. Ukiinama kuokota korosho, je, magego ya juu yanazidi kuuma, zaidi ya moja kwa pamoja, na shavu linakuwa zito? Mizizi yake iko karibu sana na uwazi wa hewa ulio kwenye mfupa wa shavu, na uwazi huo ukiambukizwa, meno mazima huuma. Mweleze, maana hapo hakuna jino la kung'oa.

Ila uvimbe ukianza kushuka chini ya taya, kinywa kikagoma kufunguka, au kumeza na kupumua kukawa shida, achana na ratiba ya eksirei. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.