Maziwa yanatoka na huna mtoto? Pima prolaktini

Maziwa yanalowesha sidiria wakati hunyonyeshi, na hedhi imekata. Wengi wakipatwa na hili hunyamaza. Mimi nilipopatwa, shangazi aliuliza mimba ni ya nani, na jirani akasema nimerogwa. Kumbe shida ilikuwa kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo.

Juu ya tezi hiyo kuna haipothalamasi, sehemu ya ubongo ambayo neva zake huiamuru pituitari itoe homoni gani na kwa kiasi gani. Homoni nyingi hungoja amri ndipo zitoke. Prolaktini, homoni ya maziwa, ni kinyume: iko tayari kutoka muda wote, na neva hizo huizuia kwa kemikali iitwayo dopamini. Ni kama gari lililoegeshwa mlimani, breki ikilegea tu linaserereka. Prolaktini ikipanda huzinyamazisha na neva zinazoamsha homoni za uzazi. Ndiyo maana hedhi hukata na mimba haishiki. Wanaume pia hupata, hamu ya tendo ikapungua, ila wao huchelewa kugundulika kwa kuwa hawana hedhi ya kuwashtua.

Kwa hiyo kabla hujawaza uvimbe kwenye tezi hiyo, angalia dawa unazokunywa. Metoklopramidi ya kichefuchefu, ambayo wengi tunaijua kama Plasil, domperidoni, na dawa za akili kama haloperidoli na risperidoni, zote huizuia dopamini kufanya kazi yake. Nenda kwa daktari na pakiti zake, hata tupu. Lakini dawa za akili usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, tafadhali.

Kipimo cha mimba kitakuja kwanza, usikasirike. Kisha thairoidi, tezi ya shingoni: ikiwa dhaifu, haipothalamasi huongeza homoni ya kuichochea, na homoni hiyohiyo huipandisha prolaktini. Siku ya kutoa damu usikimbilie maabara ukitoka tu usingizini, wala ukiwa unahema. Usingizi, na hata hofu ya sindano, huipandisha kidogo, ukaja kutishwa na jibu bure.

Tatizo langu halikuwa la dawa. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe wa milimita 7 kwenye pituitari. Neno uvimbe linatisha, lakini wa aina hii karibu wote si saratani, na mara nyingi hutibiwa kwa vidonge bila upasuaji. Nilipewa kabagolini, dawa inayofanya kazi kama dopamini, nusu kidonge mara mbili kwa wiki. Nilikuwa nakikata kwa wembe juu ya kisahani, maana ni kidogo na kinaruka. Kinywe usiku ukishakula, na asubuhi keti kwanza ukingoni mwa kitanda, la sivyo kizunguzungu kitakuangusha. Halafu hili wengi hawaambiwi: mimba inaweza kushika kabla hujaiona hedhi ya kwanza. Kama hujajipanga, zungumza mapema kuhusu uzazi wa mpango.

Neva za macho hupita juu tu ya tezi hii. Ukianza kugonga bega kwenye fremu za milango kwa kuwa huoni vizuri pembeni, usingoje tarehe ya kliniki. Na kichwa kikipasuka ghafla kwa maumivu, ukatapika na macho yakafifia, nenda hospitali usiku huohuo.