Kagua Mahali Kwanza, Ndipo Umpeleke Mbwa

Mara ya kwanza nenda mwenyewe, mbwa abaki nyumbani. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoepusha madhara mengi kuliko zote. Uwanja wenye nyasi mbichi na kivuli hupendeza ukiutazama umesimama, lakini mbwa ataupima kwa pua, kwa ulimi na kwa nyayo tupu. Kwa hiyo tembea polepole, macho chini. Tafuta vigae vya chupa, mifupa iliyotupwa karibu na mapipa ya taka, madimbwi yaliyotuama, nyaya zinazochomoza, mashimo yaliyofunikwa na majani. Nenda saa ileile unayokusudia kumtembeza, maana uwanja uliotulia alfajiri unaweza kufika jioni umejaa wacheza mpira, pikipiki zinazokatiza na mbwa wanaozurura.

Halafu pima umbali wa barabara. Mbwa anayekimbia kilomita 30 kwa saa humaliza mita 50 kwa sekunde sita. Ukiwa umeduwaa kidogo tu, keshafika. Kama magari yanapita mita 50 kutoka hapo na hakuna uzio kati, mahali hapo panafaa kutembea kwa kamba, si kumwachia.

Uzio, lango na kamba

Uzio usiukague kwa kuutazama, uzunguke wote kwa miguu. Mbwa wakubwa wanaoruka wanahitaji kimo cha karibu mita 1.8, kwa wadogo mita 1.2 mara nyingi hutosha. Kosa kubwa huwa chini, si juu: maji ya mvua huchimba udongo chini ya wavu, na pengo linalopitisha kichwa cha mbwa mdogo kwa kawaida hupitisha na mwili. Angalia pia kama kuna rundo la mawe au gogo lililoegemea uzio, kwa sababu hilo ni ngazi tosha. Seng'enge mimi siihesabu kuwa uzio wa mbwa hata kidogo. Haimzuii mbwa mwenye hamaki, na humchana ngozi anapojipenyeza. Lango zuri ni lile la milango miwili yenye nafasi ndogo katikati, ili mmoja uwe umefungwa kabla wa pili haujafunguliwa. Penye lango moja tu, mfunge kamba ukiwa ndani kabisa, mbali na mlango, kwa kuwa hapo ndipo mbwa wengi huchomoka.

Pasipo na uzio tumia kamba ndefu, mita 5 hadi 10, uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Usiifunge kwenye mkanda wa shingo: mbwa akifika mwisho wa kamba kwa kasi, mshtuko wote hupigwa shingoni. Kamba usijizungushie mkononi wala vidoleni, iache ipite kiganjani, na vaa glavu kama mbwa ana nguvu. Akiwa kwenye kamba hiyo mwite mara kumi mahali penye vishawishi, kuna watoto, ndege, harufu ya chakula. Akikosa kuja japo mara moja tu kati ya hizo kumi, hajawa tayari kufunguliwa hapo, hata kama nyumbani huitika kwa neno moja.

Kando ya barabara kamba iwe fupi, mita 1.5 hadi 2. Kama hakuna njia ya waenda kwa miguu, tembea ukiyatazama magari yanayokuja, na mbwa awe upande wa nje ili wewe uwe kati yake na magari. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio sizipendekezi karibu na magari. Kizuizi chake huweza kugoma, uzi wake mwembamba hukata ngozi ya mkono au mguu, na kishikio kikikuponyoka huburuzika nyuma ya mbwa kikigonga chini, naye huzidi kukimbia kwa woga. Mkanda wa shingo uwe na nafasi ya vidole viwili. Ukilegea zaidi ya hapo, mbwa akirudi kinyumenyume utamtoka kichwani.

Joto

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za selsiasi, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Siku ambayo hewa ina nyuzi 25 tu, lami iliyopigwa na jua inaweza kufika karibu 50, joto linalounguza ngozi ya nyayo. Kipimo ni rahisi: weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami au zege kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa asipite hapo. Mchanga mkavu nao huchoma vivyo hivyo, na watu wengi husahau kuupima. Nyasi na udongo wenye kivuli hubaki baridi zaidi, ndiyo maana njia yenye miti ina thamani kuliko uwanja mpana ulio wazi.

Saa nzuri ni mapema asubuhi. Jioni hewa hupoa kabla ya lami, hivyo pima tena hata kama upepo umeanza kuvuma. Mbwa wenye pua fupi, kama bulldog na pug, pamoja na wazee na wanene, huzidiwa upesi zaidi, na kwao hata matembezi mafupi ya mchana si ya kujaribu. Maji mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na zaidi ya hapo akifanya mazoezi. Kwa hiyo mbwa wa kilo 20 anakunywa kama lita moja kwa siku, na kwa matembezi ya saa moja kwenye joto beba angalau nusu lita na kibakuli chake.

Dalili za kuzidiwa ni kuhema bila kupumzika hata kivulini, mate mazito, ufizi mwekundu sana au uliopauka, kuyumba, kutapika. Hapo mpoze kwanza, safari ya kwa daktari wa mifugo iwe ya pili. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogokidogo. Usimfunike kwa taulo lililolowa, kwa sababu huzuia joto kutoka. Hata akionekana amepona, daktari amwone, kwani madhara ya figo na damu yanaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa.

Maji, na kinachoishi ndani yake

Maji yaliyotuama ndiyo hatari ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa haina alama ya kutosha kumwonya mtu. Katika hali ya joto, mabwawa na maziwa huota utando wa kijani au wa kijani-buluu unaofanana na rangi iliyomwagika, au povu lililokusanyika ukingoni upande unaopigwa na upepo. Baadhi ya viumbe wadogo wanaounda utando huo hutoa sumu inayoshambulia ini au neva. Mbwa huipata kwa kunywa, au kwa kulamba manyoya yake baada ya kuogelea, na anaweza kuanza kutapika, kudondosha mate, kuyumba na kutetemeka ndani ya dakika chache au saa chache. Haina dawa maalumu ya kuitangua. Ukiona utando huo, ondoka. Kama keshaingia, msuuze mara moja kwa maji safi, mzuie asijilambe, na kimbia kwa daktari bila kungoja dalili.

Madimbwi na mitaro penye panya hueneza leptospirosisi, ambayo wengine huiita homa ya mgunda, kupitia mkojo. Ugonjwa huo humpata hata binadamu. Ipo chanjo ya mbwa inayofaa kuulizwa kwa daktari ikiwa njia yako hupita penye majimaji.

Kwenye mto, kabla hajaingia, tafuta kwa macho mahali atakapotokea. Kingo zilizosimama wima humchosha mbwa akiparamia hadi azame, hata awe mwogeleaji hodari. Baharini ulizia maji yanajaa saa ngapi, na beba maji ya kunywa, kwa sababu maji ya chumvi humletea mbwa kutapika na kuhara, na akinywa mengi huweza kumuua. Kagua mchanga uone kama kuna konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, na samaki waliotupwa na mawimbi. Bunju, samaki anayejivimbisha, hata akiwa amekufa bado ana sumu kali, na mbwa wengine humbugia upesi kuliko unavyoweza kumfikia.

Nyasi na vichaka

Nyasi fupi ni salama kuliko ndefu kwa sababu tatu: kupe, nyoka na masuke. Watu huwajua wawili wa kwanza. Suke lenye miiba iliyoelekea nyuma huingia kati ya vidole, sikioni au puani na haliwezi kurudi lilikotoka; kila mbwa anavyotembea, nalo linasonga ndani. Mbwa anayetikisa kichwa ghafla akikiinamisha upande mmoja, anayepiga chafya mfululizo, au anayelamba kidole kimoja bila kuacha, mtazame mara moja. Lililokwisha kuingia sikioni usilifuate kwa kijiti. Ni kazi ya daktari.

Kupe hupanda juu ya majani na kungoja. Chagua njia pana iliyofyekwa, umpitishe mbwa katikati. Mkirudi, mpapase ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani, chini ya mkia na kati ya vidole. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kukurupuka. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa moto: akisumbuliwa anaweza kutema zaidi kile alichobeba. Usimpasue kwa vidole.

Penye nyoka, kamba fupi. Mbwa akiumwa, mtulize na mbebe ikiwezekana, kwa maana kutembea huharakisha sumu kuenea. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba juu ya jeraha.

Sumu nyingine huletwa na watu. Shamba lililonyunyiziwa dawa siku hiyo, chambo cha panya nyuma ya maghala, mafuta yaliyomwagika. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku mbili hadi tano, hivyo mbwa mchangamfu leo si ushahidi kuwa hakula. Ukimshuku, mpeleke siku hiyohiyo pamoja na pakiti kama ipo. Kwa mbwa anayeokota kila kitu, kifunga mdomo cha muundo wa kikapu hufaa, maana humruhusu kuhema na kunywa. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo hakifai kwa matembezi.

Mbwa wengine na mifugo

Mchezo mzuri una mwili laini, mapumziko ya mara kwa mara, na kila mmoja hukubali kukimbizwa kwa zamu yake. Mwili ukikakamaa, mkia ukisimama wima, macho yakikodoa na mdomo ukifumbwa, watenganisheni kabla ya mngurumo. Mpira na vitafunio mahali penye mbwa wengi huzusha ugomvi kuliko kitu kingine. Jike lililo kwenye joto, yaani linalotaka dume, lisipelekwe viwanjani kabisa, nalo hukaa hali hiyo kwa wiki tatu hivi.

Mbwa wanaozurura hulinda jalala na watoto wao. Wakikusogelea usikimbie, simama, usiwakazie macho, kisha ondoka taratibu ukiweka kitu kati yenu, hata mwavuli uliofunguliwa. Njia hiyo ibadilishe. Mbwa anayetoka nyumbani lazima awe na chanjo ya kichaa cha mbwa, na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Mifugo izunguke kwa mbali, hasa ng'ombe mwenye ndama. Akikushambulia, achia kamba: anayemtaka ni mbwa, na mbwa ana mbio kumshinda.

Watoto wa mbwa

Virusi vya parvo, vinavyowaletea watoto wa mbwa kuhara kwa hatari, hudumu udongoni kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi angalau wiki ya 16. Kabla ya kukamilika, na wiki moja au mbili baadaye, asikanyage mahali wanapopita mbwa usiowajua. Hata hivyo asifungiwe: umri huo ndio anaojifunza kutoogopa dunia. Mbebe mikononi aone magari, watu na kelele, na acheze na mbwa wazima waliochanjwa kwenye ua unaoujua. Wa jamii kubwa, mifupa yao huendelea kukua hadi karibu miezi 18. Asikimbizwe kwa muda mrefu kwenye lami wala kurukishwa mara kwa mara.

Kama eneo salama ulilopata ni dogo, usihame kwenda kubwa lenye mashaka. Mwaga chakula chake cha kawaida kwenye nyasi fupi umwache akitafute kwa pua kwa dakika 10 hadi 15. Kazi hiyo huchosha mbwa kuliko mizunguko mingi ya kukimbia. Ukimrushia mpira, uwe mkubwa usioweza kupita nyuma ya meno yake, na uubiringishe chini badala ya kuurusha juu, kwa sababu kuruka na kugeuka hewani huchana kano za magoti. Vijiti na mawe achana navyo, kijiti huchoma koo na jiwe huvunja meno. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu asikimbie akiwa na tumbo limejaa. Mpe chakula mkisharudi, akisha kupoa na kuacha kuhema.