Ukiona bawa linakaribia, usipunge mkono

Nina miaka 11 kwenye kazi ya kupokea ndege na kuziongoza hadi zinapoegeshwa. Ndege niliyoigonga, niliigonga nikiwa na wiki 3 kazini. Nasema niliigonga mimi ingawa aliyekuwa akiiendesha ni rubani, kwa sababu niliyewekwa kulitazama bawa la kulia ni mimi.

Uwanja siutaji. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua linampiga rubani usoni. Gari la ngazi za abiria lilikuwa limeachwa vibaya, zaidi ya nusu yake ndani ya mstari mwekundu ambao kifaa chochote hakitakiwi kuuvuka ndege inapoingia. Gurudumu la mbele la ndege nalo lilikuwa limeuacha mstari wa njano linaotakiwa kuufuata kama hatua moja. Kila kosa peke yake lingepita salama. Siku hiyo yalikutana.

Ngazi niliziona mapema kabisa, tangu ndege inakata kona. Nikajiambia aliyeziweka pale bila shaka anajua anachofanya, mimi mgeni nitamfundisha nini? Bawa liliposogea nikainua mkono wa kushoto nusu, nikautikisa. Ndege ikaja tu. Mlio haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa mtu anayekanyaga debe tupu taratibu.

Injini zilipozimwa, mzee aliyekuwa akiongoza kwa mbele akanifuata.

"Mbona hukusimamisha?"

"Nilikuonyesha, mzee."

"Ulinionyesha nini? Mimi nilijua unasalimiana na wenzako."

Safari ya kurudi ikafutwa, abiria wakapelekwa hotelini, na ile ndege ikakaa pale siku 4 ikisubiri mafundi na vipuri.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, hebu anza na mikono yako. Ishara ya kusimamisha kwa dharura ni moja: mikono yote miwili juu ya kichwa, ghafla, vijiti vya kuongozea ndege vinapishana kama alama ya X. Ukiinua mkono nusu, mwenzako aliye mita 40 kutoka ulipo atautafsiri apendavyo. Mimi nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati nyumbani mpaka mke wangu akauliza kama nimepagawa.

Usidhani rubani ataliona bawa. Mwaka 2012, NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, lilipendekeza ndege kubwa kama Boeing 747, 777 na Airbus A380 zifungwe vifaa vya kuwaonya marubani, kama vile kamera za ncha za mabawa, kwa sababu rubani akiwa kitini haoni ncha hizo. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 11 Aprili 2011, A380 ya Air France ilipokuwa ikitembea kwenda kuruka pale uwanja wa ndege wa JFK, New York, ncha ya bawa lake iliupiga mkia wa ndege ndogo ya abiria iliyokuwa imesimama ikisubiri nafasi ya kuegesha. Ndege ndogo ikazungushwa kama mwanasesere. Hakuna aliyeumia. A380 ina upana wa karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha. Huko mbali utakuonaje kutoka puani?

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui. Mabawa ya ndege za jeti yamelala kuelekea nyuma, kwa hiyo ndege inapokata kona, ncha ya bawa la upande wa nje huchora duara pana kuliko unavyolikadiria kwa macho. Ulipoona nafasi ipo, sekunde 5 baadaye haipo. Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa kawaida hutaka ndege ya ukubwa wa Boeing 737 iachiwe mita 4.5 kutoka kitu chochote kwenye maegesho, na zile pana kama 787 mita 7.5. Zinaonekana nyingi. Gari moja lililoegeshwa kizembe linazimaliza.

Ndiyo maana siku hizi nafika kwenye maegesho dakika 15 kabla na kuyazunguka kwa miguu yangu. Siulizi kwenye redio kama pako wazi, naenda kuangalia. Daraja la abiria limerudi kwenye alama yake? Trekta la mizigo limeondoka? Ndege ikishaanza kuingia, nikimpoteza machoni mtazama-bawa hata mmoja, naisimamisha. Atarudi, tutaendelea.

Na mkigusa kitu, semeni, hata kama rangi haijachubuka. Ganda la 787 limetengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizobandikwa tabaka kwa tabaka. Linaweza kugongwa, nje lisionyeshe hata mkwaruzo wa maana, na ndani tabaka zikawa zimeachana. Ukinyamaza, unawapandisha watu angani na siri yako.

Abiria nanyi, ile tabia ya kusimama na kufungua makabati ndege ikiwa bado inatambaa, acheni. Nikipishanisha vijiti, rubani anakanyaga breki papo hapo. Halafu kumbukeni Toronto, tarehe 5 Januari 2018: ndege ya WestJet yenye abiria 168 ilikuwa imesimama ikisubiri kuingia kwenye geti, ikagongwa na ndege tupu iliyokuwa ikisukumwa kinyumenyume na trekta. Moto ukawaka, watu wakatoka kwa mitelezo ya dharura. Wengi wao, nadhani, walishahesabu kwamba safari imekwisha.

Mwezi uliopita binti mmoja, mwanafunzi wangu, aliisimamisha ndege ikiwa imebakiza mita 10. Vijiti juu, X safi kabisa. Aliona koni. Nikaenda kuitazama: ilikuwa nje ya mstari, haina shida yoyote. Rubani alitungoja dakika 2 nzima, na alipozungumza kwa simu na fundi wa chini, maneno yake hayakuwa ya upole. Binti alikuwa anatetemeka, ananiuliza, "Baba, nimeharibu?" Nikamwambia avue glovu. Nilimpeleka kantini nikamnunulia chai na chapati mbili.