Gari la Baba Limekamilika Baada ya Miaka 11: Kwako Uliyeacha Kazi Njiani

Wiki tatu zilizopita niliweka picha ya Landrover yangu ndogo, mfano wa gari la baba niliotengeneza kwa mikono, kwenye status ya WhatsApp. Sikutegemea mengi. Kabla ya magharibi nilikuwa nimepokea pongezi kutoka Ujiji, Kibondo, Dar, mpaka kwa watu niliosoma nao shule ya msingi na sijaonana nao tangu tumalize. Lakini ujumbe mmoja kutoka kwa kijana wa Kasulu ndio ulionikaa moyoni. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Mimi nina mfano wa Liemba wa mbao, nilianza nikiwa kidato cha nne. Sasa nina mke na mtoto, na meli bado haina sitaha. Wewe umewezaje kumaliza?"

Marahaba mdogo wangu. Nilikuahidi jibu refu, ndilo hili. Na najua hauko peke yako. Nani kati yetu hana kitu alichokianza kwa mikono yake kikalala chini ya kitanda?

Gari langu ni Landrover 109 Series III, aina iliyotoka Uingereza kati ya 1971 na 1985. Baba aliendesha moja ya idara fulani ya serikali kwa miaka mingi, Kigoma hadi Kasulu, Kasulu hadi Kibondo, kabla ya lami. Masika yakikolea tulimsubiri siku mbili, tatu. Akirudi, gari limepakwa tope jekundu mpaka kwenye paa, na sisi watoto tunagombania kuliosha. Mwaka 2014 nikaamua kulitengeneza lile gari, dogo, ili alione angali hai. Nilichagua kipimo cha moja kwa kumi kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: sentimita 10 za gari lenyewe ni sentimita 1 mezani. Urefu wa mita 4.45 unakuwa sentimita 44.5. Tairi la 7.50-16, lenye kimo cha karibu sentimita 80, linakuwa sentimita 8, na unalipata kwa kukata soli za kandambili, kuzibandika moja juu ya nyingine kwa gundi ya viatu na kuzisugua kwa msasa mpaka ziwe duara. Hilo kila mtoto aliyekulia Mwanga hapa Kigoma analijua.

Bodi sikutaka iwe ya bati la debe. Landrover yenyewe ina bodi ya alumini, kwa sababu wakati inaanza, 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo nikamwomba binamu yangu aliye Dar aninunulie zile sahani za alumini za mashine za kuchapia magazeti zikishatumika. Ni nyembamba, zinakatika kwa mkasi wa kawaida, na ukiminya upande wa nyuma kwa peni iliyoisha wino unapata vichwa vya riveti safi kabisa. Chasisi nikachonga mninga. Springi nikakata kutoka kwenye ile mikanda ya chuma inayofunga mizigo bandarini, nikaipanga mmoja juu ya mwingine, mfupi chini ya mrefu, kama ilivyo kwenye gari. Ukibonyeza inarudi.

Sasa nifike pale penye uchungu.

Jirani yetu alikuwa na Landrover mbovu juu ya mawe. Nikachukua tepu nikaenda kupima kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma: sentimita 223 na nusu. Nikachonga chasisi yangu kwa kipimo hicho. Sikujua kwamba ile ya jirani ni 88, na kwamba 88 na 109 ni inchi, ndiyo nafasi yenyewe kati ya ekseli na ekseli. Inchi 109 ni karibu sentimita 277. Bodi nikaichora kwa vipimo vya 109, chasisi ikawa ya 88.

Jioni moja ya 2016 baba alikuja barazani nilipokuwa nafanyia kazi. Akachuchumaa. Akaweka shubiri yake katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, hii fupi. Yangu ilikuwa ndefu."

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Baba, mimi nimepima kwa tepu. Wewe unakumbuka tu." Akasema, "Haya," akainuka, akarudi kwenye kiti chake.

Siku mbili baadaye nikaweka bodi juu ya chasisi kwa mara ya kwanza. Gurudumu la nyuma lilisimama sentimita tano na zaidi mbele ya madgadi yake. Mtu aliyebeba watu na mizigo kwenye gari lile miaka yote, mkono wake ulijua kuliko tepu yangu. Nilikasirika, na sikumkasirikia mwingine ila nafsi yangu, lakini hasira ile niliimalizia kwenye kazi. Nikachukua boksi la biskuti, nikasukumia kila kitu humo, milango, springi, skrubu, tyubu za gundi ambazo hata hazikufungwa vizuri, nikalipeleka uvunguni. Baba hakuniuliza tena habari za lile gari. Na mimi sikumwambia kwamba alikuwa sahihi. Alifariki 2019.

Nilifungua boksi 2021. Mdogo wangu wa Kasulu, hapa naomba usome polepole. Panya walikuwa wametafuna matairi mawili. Gundi ilikuwa imevuja ikabandika mlango wa kushoto kwenye boneti. Springi zilikuwa na kutu. Na kubwa kuliko hayo: sikuweza kuvitambua vipande vyangu mwenyewe. Kulikuwa na vipande vya alumini zaidi ya 60, na kila kimoja nilikikata mimi, lakini kipi ni cha kulia, kipi cha kushoto, kipi nilikikata nikakikataa, sikujua. Nilipata karatasi moja yenye mwandiko wangu: "14, 6 na nusu, kama ile nyingine." Ile nyingine ipi? Nilitumia miezi sita ya jioni zangu kutafuta tu mahali nilipokuwa nimefika 2016. Sikuongeza hata kipande kimoja kipya kwa muda wote huo.

Chasisi niliikata katikati, nikaunganisha kipande kipya cha mninga cha sentimita 5.3 kwa mkato wa mshazari, gundi ya Araldite na vimisumari vya viatu. Ukigeuza gari utaona rangi ya mbao imebadilika. Sikutaka kuificha.

Mwaka 2022 kazi ikanihamishia Kibondo, na gari likasimama tena. Ila safari hii sikuliacha kwa hasira, na hapo ndipo penye ushauri wangu wote.

Sisi watu wa Kigoma tuna mfano bandarini kwetu. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yanayosemwa kufikia 5,000, ikasafirishwa mpaka hapa ikaungwa upya. Fikiria kila sanduku lisingekuwa na alama. Julai 1916 Wajerumani, walipoona watanyang'anywa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924, karibu miaka minane tangu izamishwe, injini na boila zilikutwa zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. Wewe unayeichonga meli hiyo hiyo kwa mbao, hadithi hii unaijua kuliko mimi. Ninachokuomba ni uitazame upande wa wale mafundi siku ya kuzamisha. Walikuwa wanaiacha meli, na bado wakaipaka grisi.

Nikafanya vivyo hivyo. Springi nikazifuta kwa oili ya injini nikazifunga kwenye nailoni. Matairi nikayaweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Vipande vya kila sehemu nikavitia kwenye kopo lake la maziwa ya unga, nikaandika juu: mlango kulia, mlango kushoto, dashibodi, paa la juu, paa la chini (109 ya baba ilikuwa na yale mapaa mawili yenye nafasi katikati, ya kupunguza joto). Na kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, nikaandika sentensi moja: "Kazi inayofuata: toboa matundu manne ya springi za nyuma, biti ya milimita 2, anza kushoto."

Niliporudi Kigoma mwaka 2025 nilifungua daftari, nikasoma sentensi ile, nikachukua drili. Haikupita robo saa tangu nifungue ndoo. Miezi sita kwa robo saa. Ukisahau yote niliyoandika hapa, hilo usilisahau: andika kazi inayofuata, na uiandike kwa mtu asiyekujua, kwa sababu baada ya miaka mitatu wewe mwenyewe utakuwa mtu huyo.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Upakaji wa rangi: subiri kiangazi. Kwetu mvua ni kuanzia Novemba mpaka Mei, na rangi ikipigwa hewa ikiwa na unyevu inafanya ukungu. Mimi nilipaka Julai, alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka, na kabla ya kupuliza nilimwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Alumini haishiki rangi hivi hivi. Sugua kwa msasa namba 400 na maji, osha kwa sabuni, usiiguse tena kwa vidole, piga praima, halafu rangi nyembamba nyembamba. Kijani kwenye bodi, rangi ya maziwa juu.

Vioo vilinisumbua. Plastiki za maboksi zinakunjamana. Fundi mmoja wa fremu akanifundisha kuloweka filamu ya eksirei kwenye jiki mpaka ile picha itoke, inabaki plastiki angavu yenye ubuluu kidogo. Nikamuuliza mama kama kuna eksirei ya zamani nyumbani. Akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki ya mwaka 2019. Kilikuwa kifua cha baba. Nilimwambia mama, hapana, hii siwezi. Akasema, "Imekaa kabatini miaka sita inanitazama. Mpeleke kwenye gari lake." Basi vile vioo viwili vya mbele vya Landrover yangu vimetoka hapo.

Kuna mtu wa ukoo wetu, simtaji, alisema mbele za watu siku ya arobaini ya baba kwamba wenzangu wanajenga nyumba, mimi najenga gari la watoto. Watu walicheka, marehemu akiwa hajamaliza hata miezi miwili. Maneno yale yaliniuma, na mpaka leo nikiyakumbuka yananiuma. Ndugu zangu, msiwape watu kama hao nafasi. Lakini pia msiwape sababu. Kazi iliyotupwa kwenye boksi na kusahauliwa inawapa haki ya kucheka, na iliyofungwa vizuri, yenye majina na daftari lake, hata kama imesimama miaka mitano, ina mwenyewe. Vijana wengi nawaona wanaanza, wanakwama, wanaanza kingine. Nunua ndoo yenye mfuniko. Andika. Paka grisi. Usianze kingine.

Utingo wa zamani wa baba alikuja Jumapili kuliona. Ni mzee sana sasa, anatembelea fimbo. Alibonyeza springi za nyuma kwa kidole kimoja, zikarudi, akabonyeza tena. Kisha akaweka shubiri kati ya magurudumu, vilevile kama baba, akatikisa kichwa kukubali. Nilitoka nje kidogo.

Basi mdogo wangu wa Kasulu, umeniambia utanitumia picha za Liemba yako. Zitakuja wakati wake. Kwanza nipige picha ya mahali ilipolala: boksi, mfuniko, na maandishi yaliyo juu yake kama yapo. Nikiiona hiyo ndipo tutaongea habari za sitaha.