Leni Robredo, wakili aliyerudi nyumbani Naga na kuwa meya

Ndugu uliyeuliza kama Leni Robredo wa Ufilipino alibebwa tu na jina la mumewe: hapana. Kabla ya siasa alikuwa wakili wa serikali wa kuwatetea wasio na uwezo, kisha akajiunga na SALIGAN, mawakili wanaowasaidia wakulima na wavuvi kupigania haki zao. Mumewe Jesse, meya wa zamani wa Naga, alifariki kwa ajali ya ndege Agosti 2012. Mwaka uliofuata Leni akawa mbunge, na 2016 makamu wa rais, akimshinda Bongbong Marcos kwa kura kama 263,000 tu. Mwaka 2022 Marcos akamshinda kwenye urais. Namheshimu zaidi kwa kilichofuata: 2025 aligombea umeya wa Naga, mji wake wa kuzaliwa, akashinda.