Maswali ya Wasomaji: Mfupa wa Nyonga Kuziba Pengo la Goko

SWALI: Mdogo wangu alivunjika goko kwa ajali ya bodaboda, akawekewa chuma. Miezi 10 sasa mfupa haujaunga. Daktari anataka kuchota mfupa wa nyonga yake aupandikize. Nyonga haitaharibika? Na mimi kaka yake siwezi kutoa wangu? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Pole kwa kuuguza. Wako hautafaa, mwili wake utakataa chembe zako. Mfupa wa mtu mwingine hutumika ukishasafishwa na kugandishwa, na hapo chembe zimeshakufa, kimebaki kiunzi tu. Wa kwake una kiunzi, chembe hai za uboho na kemikali zinazouamsha mfupa uote.

Huchotwa ukingo wa juu wa nyonga, pale mkanda unapokaa. Kisu huanzia kama sentimita 2 nyuma ya ile nundu ya mbele, maana karibu na nundu hupita mshipa wa fahamu wa ngozi ya paja; ukijeruhiwa, paja linakufa ganzi. Hufunguliwa kidirisha kwenye gamba gumu, kisha kwa kijiko chenye makali huchotwa mfupa laini wa ndani, vipande kama punje za mahindi, vyekundu kwa uboho. Vikikauka mezani chembe zinakufa, ndiyo maana hufunikwa kwa shashi yenye damu yake mwenyewe. Kwenye goko, makovu na mfupa mfu hukwanguliwa mpaka kingo zitoe vitone vya damu. Hapo ndipo penye roho ya kazi yote: punje zilizopandwa hazina mshipa wao, zinaishi kwa damu ya jirani.

Nyonga huweza kuuma kuliko goko kwa wiki kadhaa, msiogope. Kutembea atatembea, ila kiroba cha viazi asikiguse kwa wiki 6 hivi, nundu isije ikameguka.

Nawasihi muulize jambo moja kabla ya tarehe: je, kuna usaha? Kama kidonda kinachuruzika, kwanza kisafishwe na apewe antibiotiki. Punje zikiwekwa kwenye usaha huyeyuka, na nyonga haichotwi mara nyingi. Sigara aache kabisa. Nikotini hubana vile vimishipa vinavyotegemewa.

SWALI: Mama alitolewa uvimbe wa taya, akawekewa bamba la chuma. Sasa wanataka mfupa wa mguuni. Kwa nini si wa nyonga? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Bamba peke yake huchoka kwa kutafuna, likavunjika. Pengo likizidi sentimita 6 hivi, kipande cha nyonga kisicho na mshipa hufa katikati kabla damu haijakifikia. Mfupa mwembamba wa pembeni mwa goko hutolewa pamoja na kipande cha ngozi na mishipa yake ya damu, ikashonwa kwenye mishipa ya shingoni. Huachwa kama sentimita 6 juu na chini, ili goti na kifundo visilegee. Saa 72 za kwanza wauguzi hukagua mara kwa mara rangi na joto la ngozi iliyopandikizwa, kwa kuwa mshipa ukiziba, lazima arudishwe chumba cha upasuaji mara moja.