Kano ya kisigino: kuikanda tu haitoshi
Pole ndugu yangu. Unapanda vilima vya Dodoma kila alfajiri, sasa kano ya nyuma ya kisigino imekaza na ukitoka kitandani unachechemea. Kano imezidiwa mzigo. Kuikanda kwa maji ya moto kutakutuliza kwa muda tu.

Acha vilima kwanza, tembea tambarare. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nyayo za mbele, visigino vikining'inia. Inuka kwa miguu yote miwili, kisha shusha kisigino taratibu kwa mguu mbovu peke yake. Mara 15, seti 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Maumivu kidogo yavumilie (mimi niliacha wiki ya tatu, nikaanza upya!).

Ila kama ulisikia "pa!" ukadhani umepigwa teke, wahi hospitali leo. Huenda imekatika.